My Bloody Valentine (1981): mara ya kwanza nilipunjwa, mara ya pili nililipwa

Nianze na diski ya kwanza, maana ndiyo iliyonifanya niidharau muvi hii kwa miaka. Niliinunua kwa mchuuzi mmoja hapa Mwanza, zile DVD za muvi kumi na mbili ndani ya kasha moja. Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, jasho, karanga, na mtu mmoja nyuma anayesimulia kila kitu kabla hakijatokea. Muvi za wauaji wenye vinyago nazijua mapigo yake: mtu anajitenga na wenzake, anaingia gizani, muziki unapanda, silaha inanyanyuliwa, tunaonyeshwa. Kwenye diski ile silaha inanyanyuliwa, halafu ghafla tuko kwingine kabisa, watu wanakunywa bia. Sururu juu, bia. Sururu juu, bia. Nikadhani diski imekwaruzika. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Vilevile.

Kumbe mchuuzi wa watu hana kosa, ndivyo ilivyotoka kwenye majumba ya sinema Februari 1981. Bodi inayopanga madaraja ya filamu Marekani, MPAA, iliibana mpaka zikakatwa kama dakika tisa. Friday the 13th, muvi nyingine ya muuaji anayewaandama vijana, ilikuwa imetoka 1980, imeingiza pesa nyingi na kelele nyingi, na kampuni iliyoisambaza Marekani, Paramount, ndiyo hiyohiyo iliyoichukua hii. Basi mdogo mtu akachapwa kwa makosa ya kaka. Vipande vilikaa kabatini hadi 2009, kampuni ya Lionsgate ilipotoa toleo lenye karibu dakika tatu za damu zilizorudishwa. Hilo ndilo nililoliona mara ya pili, na ndilo ninalolisemea hapa.

Hadithi yenyewe ni fupi. Kuna mji wa wachimba makaa ya mawe unaitwa Valentine Bluffs. Miaka ishirini nyuma, manyapara wawili waliwahi dansi ya Siku ya Wapendanao, wakaacha watu shimoni bila kuangalia gesi. Mgodi ukalipuka. Walipofukua kifusi walimkuta mmoja tu yuko hai, Harry Warden, na alichokuwa anakula huko chini utakijua mwenyewe. Mwaka uliofuata Harry akarudi, akawaua manyapara wale, akaitia mioyo yao kwenye maboksi ya chokoleti, akaacha onyo kwamba dansi isirudiwe. Sasa vijana wamekua, onyo wanaliona ni stori za wazee, wameshapamba ukumbi kwa mioyo ya karatasi. Meya anafungua boksi la chokoleti ndani ya gari.

Nililiangalia toleo hili na mjomba wangu, kaka yake mama, aliyechimba dhahabu Geita kwa miaka kadhaa kabla mgongo haujamkatalia. Muvi za damu hazipendi, alikaa kwa sababu nilimwambia ni ya mgodini. Ilipofika habari ya manyapara akacheka kidogo, ile ya puani. "Hapo wamesema kweli, mjomba. Nyapara akishatoka, shimo ni lenu." Akaagiza chai na akaendelea kuangalia.

Na hapo ndipo muvi hii inapowaacha wenzake. Nyingi za miaka ile ni wanafunzi wa Kimarekani kambini, wazuri, hawana kazi, na huna sababu ya kuwasikitikia. Hawa ni wachimbaji. Wanatoka zamu nyuso nyeusi, wanaoga, wanaenda baa, wanataniana kwa lugha ya watu wanaojuana tangu utoto. Hata yule mnene mwenye masharubu, Hollis, ambaye kwenye muvi nyingine angekuwa wa kuchekwa tu, hapa ndiye mtu mzima wa kundi, anapendwa na ana mchumba anayemjali. Alipopatwa na yale ya misumari nilikasirika kweli, na mimi kwa kawaida huwa namshangilia muuaji.

Mgodi nao si wa maboksi. Muongozaji George Mihalka alipigia picha kwenye mgodi wa kweli, Princess, huko Sydney Mines, Nova Scotia, Kanada, uliokuwa umefungwa mwaka 1975. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu hiyo kazi: wenyeji waliposikia watu wa sinema wanakuja, wakausafisha mgodi na kuupaka rangi kwa heshima ya wageni. Wageni wakafika, wakashika vichwa, ikabidi watoe pesa kuuchafua upya. Nilicheka sana, kwa sababu ni sisi kabisa; mgeni akitangazwa tu, hata mawe ya barabarani yanapakwa chokaa.

Tuje kwenye damu, maana najua ndiyo iliyowaleta.

Anayenibaki kichwani ni mzee mwenye baa, Happy. Ndiye aliyekuwa anawaonya vijana habari za Harry, wao wanamcheka. Basi anaamua kuwatia adabu: anafunga sanamu la mchimbaji nyuma ya mlango, ukifungua linakurukia na sururu. Analijaribu. Linaruka. Anacheka peke yake mpaka unacheka naye. Analirudisha, analijaribu tena. Kwenye diski yangu ya zamani kinachofuata ni kufumba na kufumbua, hujui mzee kapigwa wapi. Kwenye hili unaona sururu ikiingia chini ya kidevu na kutokea jichoni, na jicho linakuja nayo. Ni kazi ya mikono, mpira na rangi, hakuna kompyuta hapo, na bado nilijishika uso.

Kisha kuna chumba cha kubadilishia nguo. Wachimbaji wale hawana makabati. Nguo za kazi zinatundikwa kwenye ndoano na kuvutwa kwa minyororo mpaka juu darini zikauke. Msichana, Sylvia, anamsubiri mpenzi wake humo. Suti moja inashuka nyuma yake. Anageuka. Nyingine inashuka. Halafu zinaanza kuporomoka zote, kushoto kulia, buti zikining'inia, yuko katikati kama amezungukwa na watu wasio na vichwa, na mmoja wao ana kichwa. Kinachofuata na bomba la bafuni sitaki kukiharibu, ila niseme maji yanatoka pasipotakiwa kutoka maji. Mama Mabel wa dobi na ile mashine ya kukaushia nguo simsemi kabisa. Wala sufuria ya soseji. Msile soseji.

Kasoro moja ya toleo la 2009 imegeuka kuwa starehe. Vile vipande vilivyorudishwa havikutunzwa vizuri kama sehemu iliyobaki ya muvi, kwa hiyo picha inabadilika: rangi inafifia, michirizi inaingia. Ukishazoea, picha ikichafuka tu unajua yanakuja. Mjomba aligundua kabla yangu. "Imeanza kuchakaa tena," akasema, na kikombe akakiweka chini.

Lakini kilichomtoa sebuleni si damu. Sehemu ya mwisho, wako shimoni, muuaji anakuja kwenye njia ndefu yenye taa za juu. Hakimbii. Anatembea, sururu mkononi, na kila akifika kwenye balbu anaipasua. Moja. Nyingine. Giza linakuja naye, na ndani ya kile kinyago cha gesi unasikia pumzi tu. Mjomba akainuka, akaenda kusimama uani. Sikumfuata. Aliporudi muvi ilikuwa imefika kwenye majina, na ule wimbo wa Harry Warden ulikuwa unapigwa, wa gitaa, kama wimbo wa msiba wa kijijini. Aliusikiliza wote amesimama.

Sasa ubaya wake. Yale mapenzi ya pembe tatu yananichosha. T.J., mtoto wa mwenye mgodi, aliondoka mjini kutafuta maisha, yakamshinda, karudi, anakuta Axel yuko na Sarah wake. Kwa maandishi ni jambo zuri, tena lina uzito mbele ya safari, ila T.J. ana uso mmoja tu wa furaha, huzuni na hofu. Kama stelingi ni huyu, bora tungepewa Hollis. Kuna jamaa mwingine, Howard, wa utani usiokwisha, ambaye nilianza kumwombea sururu dakika ya ishirini. Na mkuu wa polisi anaficha maiti ya kwanza kwa kuwaambia watu ni ugonjwa wa moyo, uamuzi ambao hata kwenye kibanda umiza ungezomewa. Nani muuaji sisemi. Mimi nilikosea.

Ile ya 2009 ya 3D iliyotengenezwa upya nimeiona pia. Ina mbwembwe, vitu vinakurukia machoni, lakini mji wake hauna watu wanaooga baada ya zamu.

Ukiinunua, kwanza uliza kama ni toleo lisilokatwa, na kama muuzaji hajui, iweke pale pale na uende moja kwa moja kwa Happy mlangoni. Ukiona jicho, lipa. Nyota nne kati ya tano, na ya tano nimemnyima T.J.