Santuri, CD au mtandao: ununue nini kwa muziki wa nyumbani Kisumu?

Sauti ya Daudi Kabaka, mwimbaji wetu wa zamani wa Kenya, ilitoka kwenye spika ikiwa nzito na ya uvivu, kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Mke wangu akachungulia kutoka jikoni akaniuliza huyo anayehubiri ni nani. Nikamwambia ni Kabaka. Akacheka, akarudi kwenye sufuria zake.

Santuri ilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa mashine ya kuichezea. Nilikuwa nimeinunua ya mitumba kwa mtu mmoja hapa mjini, imetoka Marekani, na huko umeme ni volti 120 na hezi 60, yaani mawimbi 60 ya umeme kwa sekunde. Wetu ni volti 240 na hezi 50. Muuzaji alinipa transfoma ya kushusha volti, nami nikaona mambo yamekwisha. Ila transfoma hushusha volti tu, hezi haizigusi. Mota ya mashine nyingi za zamani hukimbia kwa kufuata hezi za umeme, kwa hiyo santuri iliyopaswa kuzunguka mara 45 kwa dakika ilikuwa inazunguka mara 37 na nusu. Hapo kila mwimbaji hugeuka mhubiri.

Nimeanza na mkosi huo kwa sababu watu wanaoniuliza habari hizi huanzia kwenye sauti: ipi ni tamu, ipi ni safi, eti santuri ina joto fulani ambalo simu haina. Mimi huwauliza kwanza: unataka kusikiliza nyimbo gani? Kwa nyumba za huku kwetu nyimbo ndizo zinazochagua mashine. Mwenye kupenda injili za sasa, Bongo Flava au drili ya Nairobi atapoteza pesa zake kwenye santuri. Mwenye kutafuta benga ya miaka ya 1970, ule muziki wa gitaa wa Waluo, atahangaika kwenye duka la CD mpaka lifungwe.

Benga ilijengwa juu ya santuri ndogo ya mizunguko 45. Wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno na kusifia watu, upande wa pili gitaa linapochachamaa na watu wanaacha viti. Zilichapishwa kwa wingi, na mtayarishaji P. O. Kanindo akazisambaza mbali kiasi kwamba Zimbabwe muziki wenyewe uliitwa kanindo. Zikauzwa, zikachezwa baa mpaka zikakwaruzika, na nyingi hazikuwahi kuwekwa kwenye CD. Kwa hiyo mpangilio wangu hapa chini ni wa nyumba ya kawaida. Kama baba yako alikuachia sanduku la santuri, usiufuate kama ulivyo. Ruka hadi nafasi ya tatu.

Kabla ya yote, spika

Hapa sitakaa sana. Ukiwa na bajeti, nusu yake iende kwenye spika na ampu, yaani kikuza sauti. Santuri safi kwenye wufa mbovu ni kelele. Simu ya kawaida kwenye spika nzuri ni muziki. Zile wufa zenye taa za rangi hutoa kishindo kikubwa chini na filimbi juu, na katikati, pale sauti ya mtu na gitaa la benga zinapokaa, hamna kitu. Nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, tafuta ampu ya mitumba ya stirio na spika mbili za mbao. Bonyeza koni ya spika taratibu kwa vidole pande zote mbili: ikikwaruza ndani, koili imeungua. Na ule mpira wa ukingoni ukimeguka kama chapati ya jana, punguza bei au ondoka.

Nafasi ya kwanza: mtandao

Kwa nyumba nyingi za Milimani, Manyatta hata Ahero, jibu ni hili. Spotify ilifunguliwa Kenya Februari 2021, Boomplay ilikuwa tayari imezoeleka kwenye simu za watu, na Mdundo, iliyoanzia hapa hapa Kenya, hukuruhusu kupakua nyimbo na kubaki nazo. Ada ya mwezi ni mamia machache ya shilingi, bei ya nyama ya jioni moja. Hakuna CD wala santuri itakayokupa Kongo, Lagos, Dar na Nairobi kwa pesa hizo.

Gharama inayowashangaza watu ni bando, na hesabu yake ni rahisi. Muziki wa kiwango kinachoitwa "Very high" kwenye Spotify huenda kwa kilobiti 320 kwa sekunde. Hiyo ni kama megabaiti 144 kwa saa. Ukisikiliza saa tatu kila jioni, mwezi ukiisha umekula takriban gigabaiti 13. Ukishusha hadi kilobiti 96, gharama inashuka hadi gigabaiti 4 hivi, na kwenye spika ndogo ya jikoni hutasikia tofauti. Kama una intaneti ya nyaya nyumbani, sahau hesabu hizi. Kama huna, pakua albamu zako pale penye Wi-Fi, kazini au kwa shemeji, kisha nyumbani uzime data kabisa.

Halafu unganisha simu na ampu kwa waya: upande mmoja tundu la hedifoni, upande wa pili vile vichwa viwili, chekundu na cheupe. Waya wenyewe ni bei ya chai na mandazi. Bluetooth ni nzuri ukiwa unaosha vyombo, lakini hubana sauti tena baada ya programu kuibana mara ya kwanza, na kila simu ikiingia basi nyumba nzima inasikia anayekudai.

Kuna sababu nyingine ya kuiweka nafasi ya kwanza, nayo ni ya kwetu kabisa. Stima ikipotea saa mbili usiku, simu yenye chaji na spika ndogo ya betri zinaendelea. Santuri inasimama katikati ya neno.

Ubaya wake? Hakuna unachomiliki. Ukiacha kulipa, zile ulizopakua kwenye Spotify zinafungwa, na mkataba wa mwenye wimbo ukiisha wimbo unatoweka bila kwaheri. Upande wa benga ya zamani, majina yameandikwa kila mtu alivyosikia. Mtafute nyota wa benga D. O. Misiani kama Misiani, kama Daniel Misiani, kama Shirati Jazz na kama D.O. 7, kila mlango utakufungulia nyimbo tofauti. Mara kadhaa nimekuta upande wa pili wa wimbo upo na wa kwanza haupo, yaani unaingia harusini watu wameshakula.

Najua msomaji fulani anauliza: na flashi je? Ile ya kujaziwa nyimbo 500 kwenye duka la muvi Kondele? Ndiyo mashine ya muziki ya nyumba nyingi kuliko hizi tatu nilizotaja, sikatai. Lakini faili zake huwa zimebanwa mpaka matoazi yanasikika kama mvua kwenye mabati, na msanii hapati hata ndururu. Siipi nafasi.

Nafasi ya pili: CD

Hii ndiyo ninayoona inadharauliwa bila kosa. CD ilitoka mwaka wa 1982, kazi ya Sony na Philips, na kiwango chake cha sauti, sampuli 44,100 kwa sekunde, bado kinatosha sikio la binadamu yeyote utakayekutana naye Oginga Odinga Street. Kisha kila mtu akazikimbia, na ndiyo maana sasa ni rahisi. Nimewahi kupata CD orijino za rumba ya Kongo kwa shilingi mia moja moja, mwenye kuziuza akifurahi kuondolewa mzigo.

Huhitaji mashine mpya. Ile DVD iliyolala juu ya kabati tangu watoto wahamie kwenye simu inacheza CD vizuri. Toa waya mwekundu na mweupe nyuma yake, ingiza kwenye ampu. Ikikataa kusoma, mara nyingi ni vumbi kwenye lenzi; fundi yeyote ataisafisha wakati wewe unakunywa soda.

Cha kuangalia ni upande wa chini wa CD. Ukiwa wa fedha tupu, imechapishwa kiwandani. Ukiwa na rangi ya zambarau, kijani au buluu, imechomwa kwenye kompyuta, na rangi hiyo hufifia kwa jua na joto mpaka siku moja mashine inaikana. Kijana mmoja Kibuye aliniinulia ya zambarau iliyong'aa kama shingo ya njiwa.

"Jaduong', hii ni orijino kabisa."

"Orijino ya wapi, omera?"

"Ya kompyuta yangu."

Nilimpa hamsini kwa ukweli wake.

Ukishanunua CD ya kweli, tafuta kompyuta yenye mdomo wa CD uihamishe kwenye faili za FLAC, zisizopunguza sauti hata chembe. Albamu moja itachukua takriban nusu ya ukubwa wake wa awali, na hapo una muziki wako mwenyewe kwenye simu, bila ada, bila bando. Kwangu mimi huu ndio ununuzi wa akili kuliko wote, ila unahitaji subira ambayo wengi hawana. Pia duka la CD halina benga ya kutosha. Ndiyo maana iko ya pili.

Nafasi ya tatu: santuri

Ninazo mia mbili na kitu, kwa hiyo msidhani naziongelea vibaya kwa wivu. Naziweka mwisho kwa sababu ukijumlisha mashine, katriji (kile kichwa kinachoshika sindano), sindano na ampu yenye tundu la santuri, pesa ile ingekulipia mtandao kwa miaka.

Lakini kama sanduku la mzee lipo dala, yaani nyumbani kijijini, usiliache lioze. Baadhi ya nyimbo zile huenda ziko kwenye sanduku lako na kwa watu wengine wachache tu. Mashine ifaayo ni yenye mkono unaoweza kupimwa uzito na katriji ya sumaku, inayokanyaga santuri kwa gramu 2 hivi. Zile za sanduku la rangi rangi, zenye spika ndani, ni za mapambo. Nyingi hukanyaga kwa gramu 4 na zaidi, na spika zake hutikisa santuri inayochezwa. Usiziwekee kitu unachokipenda.

Nyuma ya ampu tafuta tundu lililoandikwa PHONO. Katriji ya sumaku hutoa umeme mdogo sana, milivolti 5 hivi, na ukiichomeka tundu la kawaida utasikia muziki kama uko kwa jirani wa tatu. Kama tundu hilo halipo, kuna kisanduku kidogo cha kuongeza sauti hiyo kinachouzwa peke yake. Kiweke kwenye bajeti mapema. Sindano nayo huisha. Ya almasi ni ya saa 500 hadi 1,000, na mashine ya mitumba huja na sindano ambayo mwenye nayo wa kwanza alishaimaliza. Ihesabu kama haipo, nunua mpya. Na santuri za mizunguko 78, zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo, zina mfereji mpana zaidi. Zinataka sindano yake.

Kisumu ina maadui wawili wa santuri: joto na unyevu wa ziwa. Ukiiacha kwenye kiti cha gari mchana, jioni ina umbo la bakuli. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na ukuta unaopigwa na jua, na usizirundike. Bahasha za karatasi huota ukungu, hivyo zibadilishe. Zenye uchafu zioshe kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi, na tone la sabuni ya vyombo, ukipangusa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko. Lebo ya katikati isilowe. Za mzee wangu zilikuwa na vumbi la barabara ya Maseno la miaka arobaini. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi.

Ile mashine yangu ya Marekani bado ninayo. Nilipeleka puli ya mota kwa fundi wa jua kali, akanikerezea nyingine yenye kipenyo kilichozidi kwa sehemu moja ya tano, na Kabaka akaamka. Si kila mashine itakubali dawa hiyo, kwa hiyo pima kabla hujatoa pesa. Mwombe muuzaji awashe umeme, bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, shika saa ya simu uhesabu dakika nzima. Unataka mizunguko 45 kwa santuri ndogo, au 33 na kidogo kwa kubwa. Ukihesabu 37 au 28, mwachie mwenyewe.