Darasa la CPA la jioni Mnazi Mmoja: nani alipie, nani asilipie

Kila matokeo ya mitihani ya NBAA, Bodi ya Wahasibu inayotoa sifa ya taaluma ya uhasibu iitwayo CPA, yakitoka, simu yangu hujaa swali lilelile: "Dada, lile darasa ulilosoma bado lipo?" Lipo. Naandika mara moja hapa ili nisirudie kwa kila mtu, na nitasema na yale ambayo kwenye simu huwa siyasemi.

Darasa liko ghorofa ya tatu upande wa Mnazi Mmoja, juu ya duka la spika na vifaa vya umeme. Halina bango. Wanafunzi huliita kwa jina la mwalimu, na jina lake silianiki kwa sababu mwenyewe hataki kutangazwa; amejaa tayari. Mtafute mtu yeyote anayefanya mitihani ya Bodi ya Wahasibu hapa Dar, atakuelekeza ngazi za kupanda.

Bei ya somo moja haikufika laki mbili wakati wangu, na mwalimu alikubali tulipe kwa awamu mbili, kwa simu, bila kusumbuana. Kwangu lilikuwa jambo kubwa. Bodi ya Mikopo ilikuwa inakata asilimia 15 ya mshahara kabla sijauona, na mtu anayekaa Mbezi anajua nauli na chakula cha mchana vinakula kiasi gani. Vipindi vinaanza saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili usiku, na kuna kundi jingine la Jumamosi asubuhi. Ukichelewa unakaa nyuma karibu na dirisha, ambako honi za daladala na spika za dukani zinafundisha pamoja na mwalimu.

Mwalimu ni mkaguzi wa hesabu mstaafu, na kwake ndiko hela yako inakokwenda. Hasomi notsi. Anaandika ubaoni swali la mtihani uliopita, anavuta kiti, anamwita mtu. Kama ni kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, utasimama pale ueleze kila tarakimu imetoka wapi, na ukiruka hatua anakusimamisha: "Hapo umezitupa alama mbili. Jibu unalo, njia hujaionyesha." Nilimaliza chuo na GPA nzuri bila mtu kuwahi kunisimamisha hivyo. Chuoni tulikuwa mia mbili na kitu ukumbini, na mwenye bahati ni yule aliyesikia.

Lakini kilichonifunza zaidi mle ndani ni kujitambulisha. Jioni ya kwanza kila mtu husema jina, chuo alichosoma na anakofanya kazi. Wa IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, wakasema: benki, bima, benki, kampuni ya ukaguzi. Wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakataja zile kampuni kubwa za ukaguzi za Oysterbay na Masaki. Ikafika zamu yetu wa vyuo vya mikoani: mmoja anajitolea ofisi ya mjomba wake, mmoja anauza mikopo ya benki kwa kamisheni, mmoja kampuni ya kausha damu, ile mikopo ya riba kali, Tandika, mmoja "niko nyumbani kwanza". Mimi nilikuwa na kazi, kwenye kampuni ya malori Kurasini, na nilijua fika niliipataje: binamu yangu ni fundi pale. Wote tulikuwa na shahada ya uhasibu. Wote tulikuwa tumelipia somo lilelile.

Nilikuwa nikidhani tofauti ni ukali wa masomo. Baada ya miezi ubavuni mwao nikaona kwamba vichwa ni vilevile. Tulifeli maswali yaleyale.

Tofauti kubwa ni fildi, yale mafunzo ya kazini ya mwanafunzi. Angalia IFM ilipo. Chuo kilianzishwa 1972, kiko Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya mji. Ukitoka getini unakwenda kwa miguu hadi Benki Kuu pale Mtaa wa Mirambo, na njiani unapita ofisi za benki, za bima na za madalali wa hisa. Mwanafunzi anayetafuta nafasi ya fildi anabeba barua yake mwenyewe. Akikataliwa mlango huu anavuka barabara, na kesho anarudi kuulizia kwa sababu hana nauli ya kupoteza. Mhudumu wa mapokezi anamzoea. Akimaliza wiki zake nane anaambiwa "likizo ijayo njoo", na siku nafasi ya mkataba ikitokea, jina lake linajulikana kabla tangazo halijaandikwa. Mlimani nao wana hazina yao: wamekuwa na kitivo cha biashara tangu 1979, sasa ni shule ya biashara, kwa hiyo waliotangulia ndio mabosi katika ofisi nyingi.

Sisi wa mkoani barua zetu tulizituma kwa basi, kwa shangazi, na hazikujibiwa. Fildi nikaifanya halmashauri, idara ya fedha. Kazi yangu ilikuwa kupanga hati za malipo, kuzibana kwa stepla, na kumsubiri mhasibu amalize kuingiza malipo kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, ili nimpelekee faili lingine. Nilipokuja Dar kutafuta kazi, usaili wa benki moja ukaniuliza kuhusu uchambuzi wa mkopo wa mfanyabiashara. Nilijua kitabu kinasemaje. Kijana aliyekaa pembeni yangu alikuwa ameshawahi kushika faili la mkopo wenyewe.

Na wanaoajiri wana uvivu wao, nao tuuseme. Pale Kurasini tulipotafuta mhasibu msaidizi, zilikuja sivii nyingi hadi meza haikuonekana. Bosi aliniambia nianze kutenga za chuo alichosoma yeye, "tuanze na hawa, hawa nawajua". Hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa na mchana mmoja wa kufanya kazi ile, na jina la chuo lilimpunguzia rundo. Mtu mwenye shahada nzuri kutoka Songea au Kigoma alibaki kwenye rundo la pili, ambalo hatukulifikia.

Serikalini ni hadithi nyingine. Unaomba kupitia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali, unaitwa kwenye usaili wa kuandika, na karatasi haiulizi umesoma wapi mradi chuo kinatambulika. Ila huko unakutana na umati. Mwaka 2025 TRA, Mamlaka ya Mapato, ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walikuwa zaidi ya 135,000. Tena matangazo mengi ya mhasibu yanaongeza CPA(T), yaani CPA ya Tanzania, kwenye sifa. Na ndiyo maana watu tunapanda zile ngazi za Mnazi Mmoja baada ya kazi, na njaa.

Je, darasa linaziba pengo la chuo? Kwa sehemu, na nina ushahidi wa jioni moja. Mwalimu aliandika swali la hesabu za sekta ya umma, zile zinazofuata IPSAS, viwango vya kimataifa vya hesabu za serikali. Wa benki na wa kampuni za ukaguzi wakatazamana. Wao wamelelewa na IFRS, zile za kampuni, ambazo Tanzania tulianza kuzitumia 2004, na bajeti ya serikali wanaisikia redioni. Yule anayejitolea kwa mjomba wake, naye alifanya fildi halmashauri kama mimi, akasimama akaeleza fedha za matumizi ya kawaida na fedha za maendeleo, jinsi malipo yanavyopita, salio la mwisho wa mwaka linakwenda wapi. Mwalimu hakumkatiza hata mara moja. Tangu jioni hiyo dada wa kampuni ya ukaguzi akawa anakaa naye. Anamfundisha hesabu za makundi ya kampuni, naye anafundishwa za serikali. Baadaye ni dada huyohuyo aliyempelekea sivii yake ofisini kwao, mkononi mwa meneja. Hiyo ndiyo huduma bora kuliko zote nilizopata pale kwa bei ile, na haimo kwenye risiti: unakaa benchi moja na watu ambao chuo chako hakikukukutanisha nao.

Sasa kasoro. Chumba ni kidogo kwa idadi ile, feni ni mbili na moja ni pambo. Somo la kodi lilinikera kweli. Kodi hubadilika kila Julai Sheria ya Fedha mpya inapoanza kazi, na notsi tulizouziwa zilikuwa za mwaka uliopita. Mwalimu wa kodi, ambaye ni mwingine, alisahihisha viwango kwa mdomo huku akitafuta kalamu. Kwa somo hilo nakushauri usilipe. Chukua sheria yenyewe, ipo bure mtandaoni, ukae na mitihani iliyopita. Nadharia za uongozi na maadili nazo utazisoma mwenyewe kwenye mwendokasi. Lipia taarifa za fedha na ukaguzi, basi. Hayo mawili ndiyo yanayorudisha watu kwenye mtihani, Mei hadi Novemba, Novemba hadi Mei.

Jingine ambalo darasa halikwambii: kufaulu mitihani na kusajiliwa na Bodi ni vitu viwili. Usajili unataka uzoefu wa kazi, na uzoefu unataka uajiriwe kwanza. Yule aliyekuwa nyumbani alifaulu kabla yangu, tena kwa mkupuo mmoja. Wakati mimi najaza fomu za uzoefu wangu wa Kurasini, yeye alikuwa bado anatafuta mahali pa kuanzia kuuhesabu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "soma popote, CPA itasawazisha", namwuliza itasawazisha lini, na nani atakulisha mpaka hapo.

Mdogo wangu anasubiri matokeo ya kidato cha sita na anataka uhasibu. Mama anataka aende chuo chenye miti na uwanja mpana, karibu na nyumbani. Mimi nimemwambia akikosa IFM na Mlimani, achukue CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, au TIA, Taasisi ya Uhasibu, hapahapa Dar, hata kama chumba cha kupanga kitamla bumu lote, ile hela ya kujikimu ya mkopo, na likizo ya mwaka wa kwanza aanze kubeba barua. Mama amenuna kidogo. Shangazi naye hajaulizwa bado kama atampa chumba.

Kwenu mnaouliza: kama unafanya kazi benki na lengo lako ni kupanda hukohuko, waulizie TIOB, taasisi ya taaluma ya mabenki, na CPB yao, sifa ya wanabenki, kabla hujaleta hela Mnazi Mmoja. Kama umemaliza chuo juzi na hujaajiriwa, lipia somo moja tu, la taarifa za fedha, chagua kundi la jioni na si la Jumamosi. Wenye kazi wako jioni. Fika saa kumi na moja kasoro upate kiti cha mbele chini ya feni inayozunguka, na jioni ya kwanza ukiulizwa chuo chako, kitaje kwa sauti, useme na fildi ulifanya wapi.