Ramani za Apollo za kutundika ukutani: ipi uanze nayo

Kati ya Julai 1969 na Desemba 1972 watu walitua Mwezini mara sita katika mpango wa Marekani ulioitwa Apollo, na kila safari ilichorewa ramani zake. Ukitaka kupamba ukuta, tafuta ramani iliyochorwa kwa ajili ya kazi ile yenyewe.

Ninayoiweka juu kabisa ni ramani ya kijiolojia ya Hadley-Apennine, eneo la Mwezini ilikotua Apollo 15, iliyotolewa na USGS, idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, mwaka 1971 kwa ajili ya safari hiyo. Waliochora hawakuwa na jiwe hata moja kutoka eneo lile. Walisoma picha zilizopigwa kutoka angani, wakaipa kila aina ya ardhi rangi yake, na ndani ya kila kipande wakaandika herufi ndogo za umri na aina ya miamba. Fuata kwa kidole korongo la Hadley linavyojipinda chini ya milima: kina chake ni mita 300 hivi, na wanaanga wa Apollo 15, Scott na Irwin, walifika ukingoni mwake wakiendesha gari. Ni nzuri mno, na kila rangi ina maana.

Ya pili ni ya wanajiolojia Wilhelms na McCauley wa USGS, ya 1971 pia, inayoonyesha upande wote wa Mwezi unaotazama dunia. Kipimo chake ni 1:5,000,000, kwa hiyo duara lenyewe lina upana wa sentimita 70 hivi. Pima ukuta kwanza.

Ya tatu ni ramani ya matembezi ya Apollo 11. Haina rangi, lakini mtoto ataipenda: Armstrong hakwenda mbali zaidi ya mita 60 hivi kutoka chomboni, umbali ambao mtoto anaweza kuupima mwenyewe uwanjani.

Mabango mapya ya Mwezi yenye nukta sita, moja kwa kila mahali walipotua, nayaweka mwisho. Ukiona Apollo 13 imewekewa nukta, achana nalo, haikutua.

Usilipe bei ya ramani halisi kwa nakala. Kazi hizi za serikali ya Marekani hazina hakimiliki huko, na USGS inaziweka mtandaoni bure. Pakua faili kubwa, upeleke kwa wanaochapa michoro ya majengo. Kwa chapa safi ya ukubwa wa A1 (sentimita 59 kwa 84 hivi) unahitaji pikseli 7,000 kwa 9,900 hivi. Chagua karatasi isiyong'aa, na kama unaishi pwani mwambie fundi fremu aweke ukingo wa kadibodi kati ya karatasi na kioo, maana unyevu huzigandisha pamoja.