Dune ya kwanza na ya pili: mie bado sitaki kuuziwa trilojia (muvi tatu za hadithi moja) kabla ya muvi

Naanza na maksi kabisa ili mtu asifike chini akanilaumu: Dune ya kwanza naipa tatu kwa tano, ya pili naipa tano kwa tano, na ukizitazama zote mbili siku moja, chai na mahamri pembeni, hiyo ni kazi moja kubwa sana, miaka ya karibuni sijaona muvi ya sai-fai, zile hadithi za kubuni za sayansi na sayari, ya kuifikia. Sasa kwa nini ya kwanza nimeikata nyota mbili na mwenyewe nasema ni nzuri? Kwa sababu nililipa pesa ya muvi nikapewa nusu muvi. (Kama hujaziona, huku chini nitataja miisho, basi kaone kwanza.)

2021 mabango yote yaliandikwa Dune, basi. Unaingia ukumbini, taa zinazimwa, ndo jina linatokea kwenye skrini na kando yake unaambiwa hii ni sehemu ya kwanza. Tulikuwa Nyali pale Mombasa, mie na mke wangu ambaye muvi za anga za juu si zake, alinifuata tu, na dakika zote 155 alikaa akatulia mpaka nikafurahi. Halafu Paul, ndo stelingi, anapigana visu na Jamis, mtu wa jangwani, anamuua, anaanza kuondoka na wenzake Jamis, binti mmoja wao, Chani, anageuka anamwambia huu ni mwanzo tu, na majina yanaanza kupanda. Mke wangu kanigeukia, "Ndo imeisha?" Sikuwa na la kumjibu, na waliokuwa mbele yetu walikuwa wanaulizana hilo hilo, wengine bado wamekaa na popkoni zao wakidhani kuna kitu kinakuja. Zendaya mwenyewe, ndo huyo Chani, ambaye trela ilimjaza kila pembe alitokea dakika chache tu mwishoni na kwenye ndoto. Ni kama umekwenda kula biriani Mji wa Kale ukaletewa wali mtupu, ukaambiwa masala tutakuita, na jikoni kwenyewe hawajaamua kama watayapika.

Na hilo la jikoni sikuliongeza chumvi, ndo ilivyokuwa. Ya pili ilikuwa haijaidhinishwa! Muvi ilifunguliwa Marekani Oktoba 22, 2021, na kampuni ya Legendary ikatangaza kwamba ya pili itatengenezwa Oktoba 26. Yaani waliokwenda wikendi ile ya kwanza walitazama nusu ya hadithi na dairekta Denis Villeneuve mwenyewe hana ruhusa ya kutengeneza nusu nyingine, kipindi cha korona juu yake, na kule kwao muvi ilikuwa imewekwa pia HBO Max, mtandao wa kutazamia nyumbani, siku ile ile kwa hivyo watu wengi walitazamia kitandani. Ilikwenda vizuri alhamdulillahi. Lakini ingeanguka je? Leo tungekuwa na muvi ya dola milioni 165 inayoishia mtu akitembea jangwani, na hakuna wa kutwambia alifika wapi.

Msiseme natia hofu bure manake yametokea. Alita: Battle Angel ya 2019, mie ile muvi naipenda kwa dhati, yule binti wa chuma na macho yake makubwa, mapigano safi, na mwisho wake anainua upanga kuelekea ule mji wa juu, adui mkubwa Nova yuko kule juu anatabasamu, nawe ndo kwanza unamuona sura vizuri… imeisha. Miaka imepita na vita vyao hatujaviona. John Carter ya 2012 ilikusudiwa iwe ya kwanza kati ya tatu, Disney wakapata hasara ya kama dola milioni 200, hadithi ikafungiwa hapo hapo. Na Terminator sijui nani kawaroga, Salvation ya 2009 ilipangwa kuanzisha trilojia mpya, haikuendelea, wakaja na Genisys 2015, hiyo nayo mwanzo wa trilojia mpya, haikuendelea, wakaja na Dark Fate 2019, mambo ni yale yale. Mara tatu wameahidi tatu na mara zote tukapewa moja moja. Wakati The Terminator ya 1984 na ile ya pili ya 1991, ukizitazama leo kila moja ina mwanzo wake na mwisho wake, hudai kitu.

Hapo ndo nataka mnielewe. Sipingi muvi kuwa tatu. Napinga ile ya kwanza kugeuzwa tangazo la zile mbili.

Tazama Star Wars ya 1977. Watoto wa siku hizi wanadhani George Lucas aliamka na ramani ya sinema zote mfukoni. Mawazo mengi alikuwa nayo, ndio, lakini muvi aliyoitoa ilikuwa imekamilika: kijana anatoka shamba, anapoteza mlezi wake, anajifunza, Death Star, ile silaha kubwa ya adui, inalipuliwa, wanavishwa medali mbele ya watu, kwisha. Adui Darth Vader tu ndo anaonekana akizungukazunguka angani na chombo chake, mzima. Kijisehemu kile kidogo kilitosha kuendeleza hadithi 1980. Na ile habari ya Vader kuwa baba wa yule kijana, ambayo kila mtu anaijua hata asiyetazama muvi, iliingia wakati wa kuandika ya pili, haikuwepo kwenye ile ya kwanza kabisa. Hata maandishi ya Episode IV, yaani sehemu ya nne, hayakuwepo 1977, yaliongezwa 1981 ilipooneshwa tena.

Back to the Future nayo hivo hivo. Ile gari yao ya kusafiria zama kuruka mwishoni 1985 ilikuwa ni kufurahisha tu, hawakuwa na mpango wa ya pili. Waandishi wake walisema baadaye kama wangejua kutakuwa na muendelezo wasingemtia Jennifer, mpenzi wa stelingi, ndani ya gari, kwa sababu sasa yumo na hawajui wamfanye nini, na ukiitazama ya pili utaona sehemu kubwa binti wa watu kalazwa usingizi! Hilo kosa dogo namsamehe mtu mie, kuliko kuniachia stelingi njiani.

Sasa nije kwa upande wa wanaonipinga, na nyumbani kwetu wako. Binamu yangu ana hoja moja ngumu na ameshanishinda nayo barazani: sai-fai si kama muvi ya polisi na mwizi. Polisi na mwizi dunia yake tunaijua, unaanza kukimbiza tu. Huku lazima kwanza nielezwe hii sayari ni gani, hiyo spaisi ya mchangani inawafaa nini, nani anamtawala nani, kwa nini mashine zenye akili hakuna, na hayo yanakula saa nzima kabla hujapenda mtu. Na ushahidi wake ni Dune yenyewe, kwa sababu 1984 David Lynch alikikamua kile kitabu cha Frank Herbert cha 1965 chote akakitia kwenye dakika 137, na matokeo yake watu wanakimbia, sauti za mawazo zinaeleza kila kitu, nusu ya mwisho miaka inapita ukipepesa macho. Nilikopiwa kwa flashi nikaitazama baada ya kumaliza hizi mpya. Kweli. Kitabu kile hakitoshi kwenye muvi moja, nakubali bila ubishi.

Na nafasi ile Villeneuve aliitumia. Kuna pale mwanzoni bibi mwenye ushungi mweusi anamuamuru Paul atie mkono kwenye kisanduku, halafu anamuwekea sindano ya sumu shingoni, ukiutoa mkono unakufa. Ndani ya kisanduku hakuna kitu ila uchungu. Nje ya mlango mama yake amesimama anatetemeka, anajisomea maneno ya kuzuia hofu, hawezi kuingia, na dairekta anatupeleka kwa mtoto, anaturudisha kwa mama, polepole, mpaka uso wa yule kijana unabadilika kutoka kulia hadi kumkodolea macho bibi. Kwenye muvi ya haraka haraka hapo pangekatwa nusu. Au pale Stilgar, kiongozi wa watu wa jangwani, anapotema mate mezani mbele ya Duke, babake Paul, walinzi wanaruka kushika silaha, kumbe kule jangwani kumtolea mtu maji ya mwili wako ni heshima. Sisi ambao mifereji ikikauka tunangojea mkokoteni wa mitungi tuliielewa haraka sana ile, ukumbi mzima uliitikia.

Kwa hivyo si lazima iwe moja, sawa. Lakini basi piga zote kwanza ndo uuze tiketi. Inawezekana! Back to the Future ya pili na ya tatu zilipigwa mfululizo, zikatoka 1989 na 1990. Matrix ya 1999 ilisimama peke yake, ilipopendwa wakazipiga mbili zilizobaki pamoja, ya pili ikatoka Mei 2003 ikakatiza katikati, stelingi Neo kazimia, na wala hatukukasirika sana kwa sababu ya tatu ilikuwa Novemba mwaka ule ule. Muvi zenyewe zilipendwa kidogo kuliko ya kwanza, hilo ni jambo jingine, ila ahadi waliitimiza. Nusu mbili za Dune zimetengana kuanzia 2021 hadi Machi 2024. Kuna mgomo wa waigizaji uliosogeza tarehe, najua, lakini mtoto aliyeona ya kwanza akiwa darasa la nane aliona ya pili akiwa yuko sekondari.

Na kitabu kuwepo pia si dhamana, mtu asinidanganye. Divergent ilikuwa na vitabu vitatu vimeshaandikwa vyote, wakaona tamaa, kitabu cha mwisho wakakigawa mara mbili, Allegiant ya 2016 ikadoda na ile ya kumalizia haikutengenezwa kabisa. Walioifuata toka mwanzo waliachwa kituoni.

Upande mwingine kuna kupanga idadi bila kupanga hadithi, na huko ndo kuliniuma zaidi. Star Wars mpya, 2015, 2017, 2019. Tarehe zilipangwa. Tatu zilipangwa. Sisi Wakenya tulikuwa na Lupita wetu mle ndani akiwa Maz Kanata, tulikwenda kwa mbwembwe. Lakini ya kwanza J.J. Abrams aliuliza maswali, ya pili Rian Johnson akayajibu kwa njia yake, Snoke tuliyeambiwa ndo adui mkubwa akakatwa kiunoni, ya tatu Abrams akarudi na ghafla Palpatine, mfalme mwovu wa zile za zamani, yuko hai, na habari ya kurudi kwake tunaisoma kwenye yale maandishi ya mwanzo tu, hata kuoneshwa hatukuoneshwa. Finn, John Boyega yule, alianza kama askari anayevua kofia ya chuma akatae kuua, mwanzo mzuri mno, mwisho wake amebakia kukimbia akimwita stelingi Rey. Kila moja iliingiza zaidi ya dola bilioni moja, kwa hivyo kwa mhasibu hakuna tatizo. Mie namdai mtu Finn.

Ya pili ya Dune sasa. Dakika 166 na sikuangalia simu. Paul amesimama juu ya tuta la mchanga, kile chombo cha kuitia dudu la mchangani kinagonga, tu, tu, tu, mbali mchanga unaanza kuinuka, unakuja, tuta alilosimama linaporomoka chini ya miguu yake na ndo anaangukia juu ya yule dudu mkubwa, vumbi tupu, huoni kitu, unasikia tu. Viti vya ukumbi vilikuwa vinatetemeka wallahi. Hii usiitazame kwenye simu hata kidogo, kama huna ukumbi tafuta hata mtu mwenye spika nzuri. Na zaidi ya kelele, muvi inafunga: adui yake Feyd-Rautha kauawa, mfalme kapiga goti, Paul kapata alichotaka na kimemharibu. Ningeambiwa hakuna nyingine ningeumia kidogo, lakini ningekwenda nyumbani na hadithi. Mke wangu safari hii hakuuliza kitu, alinyamaza mpaka kwenye tuktuk.

Nasema tena kwa wale wanaotaka kutengeneza hapa kwetu, manake vijana wa Pwani wenye kamera wapo na wengine nasikia wanaanza kwa kupanga misimu na sehemu: tafuteni Pumzi ya Wanuri Kahiu, 2009, kama dakika 20 hivi. Nayo ni dunia iliyokauka, watu wanachuja jasho na mkojo wao wapate kunywa, binti anatoka nje na mbegu yake, anaimwagilia tone la mwisho alilo nalo. Dakika 20 na dunia nzima umeielewa na hadithi imefika mwisho. Mengine yatafuata kama watu watayaitisha.

Ya kununua: ukienda dukani kwa flashi hakikisha umewekewa zote mbili, mimi pana kijana aliniwekea ya pili peke yake akaniambia inaeleweka tu. Haieleweki. Tazama ya kwanza jioni, pumzika ule, halafu ya pili usiku ule ule, na maksi zangu tatu za ya kwanza utaziona ni chache, na hapo uko sawa kwa sababu wewe hukungojea.

Ya tatu imepangwa Desemba 2026, inafuata kitabu cha Dune Messiah cha 1969, na hapo nina wasiwasi mmoja. Mwisho wa ya pili Chani anakasirika, anatoka, anaita dudu lake aondoke peke yake, na hilo kitabuni halimo, kitabuni anabaki na Paul. Mimi niliipenda ile sura yake pale mchangani kuliko ilivyoandikwa. Lakini maana yake Villeneuve amekiacha kitabu mahali pakubwa, na kumrejesha Chani ni kazi ya kuandika upya, si ya kufuata kurasa. Tiketi nitakata wiki ya kwanza, na nitakachokwenda kutazama kabla ya vita na madudu ni vipi huyu mwanamke anarudi, na kama anarudi kwa sababu yake mwenyewe.