Shaba nyekundu iliyoandikwa njano: huduma ya kupanga sarafu daraja, kwa mteja wa Tanga

Mwaka jana nilituma sarafu tatu za enzi ya Mjerumani kutoka Ngamiani, Tanga, kupitia wakala wa Dar es Salaam, kwenda kwa kampuni moja ya ng'ambo inayothibitisha uhalisi wa sarafu, kuipa daraja la hali yake kwa kipimo cha Sheldon cha 1 (iliyochakaa kabisa) hadi 70 (isiyo na dosari), kisha kuifungia katika kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba ya cheti. Jina la kampuni naliacha. Ninachokipima hapa ni huduma yenyewe, na hasa namna ilivyoshughulikia kosa ililolifanya kwa mkono wake.

Sarafu mbili zilirudi zikiwa hazina la kulalamikia. Rupia ya fedha ya mwaka 1913 iliandikwa sawasawa kuwa na herufi J, alama ya kiwanda cha Hamburg, wala haikuchanganywa na ile ya mwaka huohuo yenye A ya Berlin. Heller 10 yenye tundu katikati, ndugu wa sarafu zilizotuachia neno hela, nayo ilipata daraja ambalo mimi mwenyewe ningeipa.

Ya tatu ndiyo iliyonipa kazi. Ni heller 20 ya mwaka 1916 yenye herufi T ya Tabora, iliyogongwa katika karakana ya reli wakati Waingereza walipokuwa wameziba njia za bahari na sarafu mpya haziwezi tena kufika kutoka Ujerumani. Mafundi walitumia madini waliyoyapata, yakiwemo maganda ya makombora ya mizinga, na ndiyo sababu sarafu hiyo ipo ya shaba nyekundu na ipo ya shaba ya njano. Yangu ni nyekundu, na wekundu wake unaonekana hata ukiwa umekaa barazani jioni. Lebo ilisema ni ya njano.

Mpwa wangu, aliyenisaidia kupiga picha, alicheka: "Ami, shaba si shaba tu?" Sikumlaumu, kwa maana Kiswahili chetu kinayaita yote mawili shaba na kuiachia rangi kazi ya kutofautisha. Mkusanyaji hawezi kuliachia hapo. Orodha za sarafu huzitenganisha kwa madini, kisha huzigawa tena kwa ukubwa wa taji na kwa ncha za herufi L katika neno HELLER, kama zimepinda au zimechongoka. Aliyekosea madini ameihamisha sarafu kutoka fungu moja hadi jingine, na hata hesabu ya kampuni ya sarafu ilizozipitisha inakuwa imeongezwa upande mmoja na kupungukiwa upande wa pili.

Hapa ndipo nilipojifunza masharti ambayo ningepaswa kuyasoma kabla ya kulipa. Dhamana ya kampuni hulinda uhalisi na daraja: sarafu ikithibitika kuwa ya bandia, au ikiwa imepewa daraja la juu kupita haki yake, mwenye nayo ana njia ya kufidiwa. Kosa la uandishi ambalo mtu yeyote angeligundua kwa kuitazama sarafu na lebo yake pamoja halimo katika fidia hiyo. Hulisahihisha bure, basi. Aliyenunua sarafu kwa bei ya fungu lisilo lake, kwa kuiamini lebo bila kuitazama sarafu, hana wa kumdai isipokuwa muuzaji wake.

Kwa upande wa majibu, kampuni ilinifurahisha. Nilituma picha za pande zote mbili, picha ya lebo, na picha nyingine ambamo sarafu yangu imelazwa kando ya heller 20 ya njano niliyo nayo, na siku ya tatu walikubali kosa bila ubishi. Walinikataza jambo moja, na nawaunga mkono: kasha lisivunjwe. Sarafu ikishatolewa, daraja limekufa na hakuna awezaye kuthibitisha kwamba iliyomo mkononi ndiyo ile iliyopimwa.

Walilipa gharama ya kuirudisha kwangu, ila ya kuipeleka niliibeba mimi, nami naona si haki, kwa kuwa kalamu iliyokosea haikuwa yangu. Muda nao ulinichosha. Tanga yetu husifiwa kwa waja leo waondoka leo, lakini sarafu hii ilikaa huko wiki kumi na moja, nyingi kati ya hizo zikiwa za kusubiri shehena ya wakala ijae.

Iliporudi, lebo ilikuwa sahihi. Nilipoingiza namba ya cheti katika tovuti yao, kumbukumbu ilikuwa bado inasema njano. Wengi wangeridhika na karatasi, lakini mnunuzi aliye mbali huanza na namba hiyo, naye akiona lebo inasema hivi na tovuti inasema vile, atashuku kwamba kasha ni la kughushi, kwa kuwa wapo wanaotengeneza makasha ya bandia na kuyaandika namba za kweli. Ilinibidi niandike barua pepe mbili zaidi. Kumbukumbu ilirekebishwa baada ya wiki tatu.

Kwa upimaji wa daraja naipa kampuni hii nyota nne kati ya tano, na kwa uandishi wa lebo za sarafu za kwetu naipa mbili. Wakala ninampa tatu, kwa sababu alizipokea sarafu kutoka ng'ambo na kunikabidhi bila kulinganisha lebo na fomu niliyoijaza, ilhali fomu ilisema shaba nyekundu kwa maandishi makubwa. Ninayo heller 20 nyingine, ile ya njano iliyopigwa picha. Nitaituma mwezi ujao kwa kampuni hiyohiyo, ila safari hii picha yake itabandikwa kwenye fomu, na kifurushi kitafunguliwa mbele ya wakala kabla sijatia saini ya kukipokea.