Matamvua ya changu na mapafu ya mzamiaji

Katika ghuba ya Mikindani, samaki aitwaye changu na mzamiaji wote wanahitaji oksijeni. Mzamiaji huivuta kabla ya kuzama: kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, hushuka, mbavu hupanuka, vifuko vya mapafu hujaa, na moyo huleta damu kuipokea. Changu hapandi juu. Kinywa na vifuniko vya matamvua, viungo vyake vya kupumulia, hupokezana kusukuma maji upande mmoja, huku damu ndani ya matamvua ikipita kinyume chake. Hivyo damu kila inaposonga hukutana na maji yenye oksijeni zaidi. Kwa ustadi, changu ameshinda, maana maji yana oksijeni kidogo mno kuliko hewa. Ila akitolewa ufukweni, matamvua yake membamba hushikamana, na hewa yote ile haimfai.