Kanuni za uchovu zilizotuulia pambano

Kwenye mchezo wetu wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, rafiki yetu anayemwigiza mwenye upanga alikaa karibu dakika 40 bila kurusha dadu hata mara moja. Hasira yangu yote na kitabu hiki imeanzia hapo.

Nilikinunua miezi michache iliyopita. Ni kanuni za ziada za kuwafanya wahusika wachoke vitani kama binadamu, na nilikipenda kabla hata sijakifungua. Mimi ndiye ninayeendesha mchezo kwenye kundi letu, na siku zote imenikera kuona mtu aliyevaa deraya nzima akipigana raundi 20, kisha anapanda ngazi za ngome kama aliyetoka kulala.

Haya. Kila pigo linakula pointi 1 ya pumzi. Kukinga kwa ngao, 1. Kukimbia, 2. Tulikutana na mazimwi sita, na pumzi za wote sita ni juu yangu kuandika na kufuta kila raundi. Kufikia raundi ya nne karatasi ilikuwa imetoboka pale penye zimwi la tatu. Mwenye upanga pumzi ikamwishia, na kanuni inasema apumzike mpaka irudi nusu, pointi moja kwa raundi. Apumzike, na mazimwi yamemzunguka! Mchawi naye anarusha moto tu, hachoki, maana kitabu hakina hata mstari mmoja kuhusu uchovu wa uchawi.

Nikawaandikia waliokitoa, kwa adabu kabisa. Wakajibu sentensi moja: kama hesabu zinawashinda, tafuteni mchezo mwepesi. Hesabu hazikutushinda. Kilichotushinda ni kungoja.

Michezo mingine ya aina hii imeliweza jambo hili. GURPS hungoja pambano liishe ndipo ikutoze: pointi 1 ya uchovu kama huna mzigo, hadi 5 kama umejitwika kupita kiasi. Dungeons & Dragons ya 2024 hukupunguzia 2 kwenye dadu kwa kila ngazi ya uchovu, na ngazi ya 6 ni kifo. Kweli, pigo la kawaida halikuchoshi humo, kwa hiyo sisemi ndiyo dawa.

Nilitaka kuandika msikinunue, basi. Lakini kuna usiku mmoja mwenye upanga alibakiwa na pointi 1. Zimwi limeinua rungu, nyuma ya mwenye upanga mwenzake yuko chini anavuja damu. Akinge au apige? Penseli yake ilibaki hewani, meza nzima kimya, hata mchawi kaacha kupanga dadu zake. Miaka yote niliyoendesha michezo sijawahi kupata kimya kile. Akapiga.

Kwa hiyo nyota tatu. Hapana, mbili, lile jibu lao bado linanichoma. Wikendi hii tunajaribu tena, ila pumzi tutaihesabu mara moja tu pambano likiisha, na mchawi naye atalipa.